Trela ya kempingi imenikalia uani, nianze mnada na elfu kumi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mtwapa, nimelifupisha kidogo:

"Assalam aleikum kaka. Tuna trela ya kempingi, ile ya kutoka South Africa yenye hema la kufunguka juu, mume wangu aliinunua 2015 tukaitumia sana Tsavo na Tiwi mpaka watoto wakakua. Sasaivi imekaa tu uani inaliwa na chumvi. Nimeweka tangazo lenye bei miezi mitatu, kila siku ni 'bei ya mwisho?' halafu kimya. Namba yake yaanza na Z, logibuku iko, jina la mume wangu. Kuna mtu kaniambia niipige mnada mtandaoni, nianze na elfu kumi waache wapandishane wenyewe. Nifanye hivyo? Na pesa nizipokeeje nisiibiwe?"

Waaleikum salaam dada. Elfu kumi hapana, sio kwa trela na sio kwa soko letu hili. Huyo aliyekushauri hakukudanganya, mnada wa kuanzia chini kabisa upo na wafanya kazi, ila wataka watu wengi. Ukiuza Probox, nusu ya Mombasa wanaijua bei yake, hata uanze na shilingi mia itapanda tu mpaka panapostahili maana hakuna atakayekubali kumuona mwenzake anaokota. Trela ya kempingi wanaoitaka wanahesabika, na wengi hawako hapa, wako Nairobi, Nanyuki, Naivasha huko, wachache Arusha, na huku pwani ni wenye kampuni ndogo za safari na wazungu wa Kilifi na Diani basi. Usiku wa kufunga waweza kujikuta na watu wawili tu walio macho, mmoja bando likamuishia, wa pili akaondoka na trela yako kwa elfu arobaini, na wewe ushaandika mbele za watu kwamba hakuna bei ya chini.

Kwa hivyo weka rizavu, yani bei ambayo dau lisipofika hapo hakuna mauzo, na useme wazi kwamba ipo. Kiasi chake si lazima ukitaje. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, ile Sura ya 31, yamruhusu muuzaji kuweka rizavu na hata kujiwekea haki ya kutia dau mwenyewe, lakini lazima iwe imetangazwa. Ukimtuma binamu yako apandishe dau kimyakimya, mnunuzi aweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Najua mambo ya binamu ni kawaida kwenye magrupu na watu wanayacheka tu, ila wewe usiingie huko, na isitoshe watu wa trela ni wachache wanajuana, akaunti iliyofunguliwa juzi ikipandisha mara tatu mfululizo wanaishtukia. Sheria hiyohiyo yasema kabla nyundo haijashuka mwenye dau aweza kulitoa, sasa usianze kupigia hesabu dau la Jumatano na mnada wafunga Jumapili.

Rizavu yenyewe usiitoe kwenye kile mume wako alicholipa 2015. Najua yeye ndio atataka ianzie hapo, wanaume wote tuko hivyo na vitu tulivyonunua wenyewe. Jiulize mnunuzi ana njia gani nyingine: aweza kuchongesha trela ya chuma kwa mafundi wa Nairobi akaweka hema la juu ya gari, ama akanunua hema tu akaachana na trela. Piga simu uulize hivyo viwili vinagharimu ngapi leo, hapo ndipo dari lako lilipo, trela ya miaka kumi na zaidi iliyokaa pwani haitapita hapo hata uiandikie mashairi. Shuka kutoka kwenye dari mpaka pale ambapo ikinunuliwa hutalala na kinyongo, hiyo ndio rizavu. Kuanzia anza na kama nusu yake. Tuseme rizavu ni laki tatu, anza na laki na nusu, mtu aone ana nafasi lakini asione ya bure.

Hilo la bei limekwisha, na si ndilo kubwa. Kubwa ni kwamba hao wachache wanaoitaka wako mbali na hawaioni, na mtu akiwa haoni kitu anakikata bei. Hajui uvunguni kukoje, anakata. Hajui kama hema lavuja, anakata tena. Hajui logibuku ni ya nani, hapo hakati, anaondoka kabisa. Wengi wa wale wa "bei ya mwisho?" ni hao hao, wameona picha nne za mbele na za ubavuni, hakuna kingine cha kuuliza wakauliza bei. Ukiupeleka mnada kwa picha zilezile nne utapata madau ya watu wenye wasiwasi, na dau la mtu mwenye wasiwasi ndilo hilo la elfu arobaini.

Tuanze na uvungu sababu trela ikitoka Mombasa mtu wa bara kitu cha kwanza kichwani mwake ni kutu. Usipake rangi nyeusi! Kila anayeuza gari huku anaanza na kopo la rangi ya chesisi, na kila anayenunua anajua rangi mpya uvunguni maana yake nini. Fanya hivi: osha chumvi kwa maji matamu ya mpira, acha ikauke siku mbili, pitisha brashi ya waya pale penye magamba, halafu lala chini na simu upige video asubuhi jua likiwa bado linaingia kwa ubavu. Anza kwenye ule mkono wa mbele wa kuvutia, fuata chesisi mpaka nyuma, simama kwenye springi na yubolti zake, zile bolti zinazoishika kwenye ekseli, simama pale ekseli ilipoungwa. Shika nyundo ndogo ugonge unavyokwenda na sauti isikike. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na anayejua trela atasikiliza hiyo kuliko maneno yako yote. Palipo na kutu ya kweli weka shilingi ishirini kando yake upige picha, aone ukubwa. Utasema hiyo si ni kujiharibia? Wallahi si kujiharibia, kutu aliyoiona ina bei, ile anayoidhania haina mwisho.

Kwenye huo mkono wa mbele ama pembeni ya chesisi kuna namba imegongwa kwenye chuma. Hiyo ndiyo itakayolinganishwa na logibuku, na pwani chumvi yaila mpaka haisomeki. Isafishe kwa mafuta taa na mswaki wa zamani, polepole. Fundi akikuambia apitishe grainda mara moja tu mfukuze, namba yenye alama za grainda hata iwe halali vipi inaonekana kama ya kuchezewa, na hapo utaanza kujieleza polisi kitu ambacho kingemalizwa na mswaki.

Tairi nazo, za trela huwa na kashata zote, yale meno yake, kwa sababu hazitembei, mtu anaona nzima kumbe zimezeeka. Angalia ubavuni palipoandikwa DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Zikipita miaka sita saba na kuna mipasuko midogomidogo pale ubavuni, mnunuzi wa kwenda nazo mpaka Nairobi, kilomita karibu 480 na jua la Voi, atazibadilisha kabla hajaondoka. Ama ununue mpya wewe ama uweke picha ya hiyo namba useme zinahitaji kubadilishwa. Mimi ningeziacha nikasema, tairi mpya hazirudishi pesa zake kwenye dau. Beringi ni tofauti, hizo fungua utie grisi mpya, ni pesa kidogo, na upige video gurudumu likiwa juu ya jeki ukilizungusha kwa mkono, likienda kimya bila kukwaruza mtu kasharidhika.

Sasa hema. Hapa ndipo trela nyingi za pwani zinaposhindwa, na watu hawasemi. Likifungwa na unyevu kidogo tu, kwa joto letu hili wiki mbili ukungu ushaingia kwenye turubai, madoa meusi na ile harufu. Lifungue kesho asubuhi uone. Madoa usiyatie Jik, inakula nyuzi na ile dawa ya kuzuia maji, utapata hema jeupe linalovuja. Maji vuguvugu na siki nyeupe, brashi laini, kisha lianikwe mpaka likauke kabisakabisa hata kwenye mishono. Hayatatoka yote, hakuna shida, yapige picha hivyohivyo. Halafu video ya pili ambayo ndiyo itakayokuuzia: mtoto wako mmoja alifungue hema mwanzo mpaka mwisho bila kukata video, zipu zote ziende na zirudi, fito zote zisimame, na likishasimama mwingine alimwagie maji ya mpira juu ya mishono kama dakika kumi na wewe uingie ndani na simu uguse mishono kwa mkono. Ikivuja mahali, onyesha panapovuja. Mtu wa Nanyuki ambaye hajawahi kukuona anapata kila kitu hapo.

Vingine vipite haraka ila vitaje. Kile kichwa cha kukamatia ni cha lile tufe la chuma la milimita 50 nyuma ya gari ama kingine, watu wanauliza hilo kabla ya kuuliza rangi. Plagi ya taa ina pini ngapi na taa zote zawaka ama la. Breki ya mkono yashika? Betri ni ya lini. Mpira wa gesi una tarehe umeandikwa juu yake, na kama regyuleta ilikuja nayo kutoka South Africa sema kama ilishabadilishwa ikamate mitungi yetu. Uzito ulioandikwa kwenye kile kibati cha mtengenezaji, upige picha, maana mwenye Prado na mwenye RAV4 hawavuti kitu kimoja.

Makaratasi. Umesema namba ya Z, yani ya trela iliyosajiliwa Kenya, na logibuku iko, umenipumzisha. Nauliza sababu trela nyingi za aina hii ziliingia na watalii wanaozunguka Afrika kwa gari, zikaingia kwa ile hati ya forodha inaitwa Carnet de Passages ambayo ni ya kupita tu, mzungu akachoka akamuuzia mtu na ushuru haujalipwa, na trela hiyo haiwezi kuuzwa kihalali mpaka KRA wamalizane nayo. Yenu ishasajiliwa kwa hiyo hilo si lako, ila weka sentensi moja kwenye tangazo kwamba ushuru ulilipwa na ina logibuku ya Kenya, utaona maswali yanavyopungua. Toa rekodi ya karibuni ya NTSA, wale wa usajili wa magari, uwe nayo, na kama mume wako aliwahi kuiweka logibuku dhamana ya mkopo hakikisha jina la benki limeshatolewa, watu husahau hilo mpaka siku ya kuuza. Kwenye picha za logibuku ziba namba ya kitambulisho na PIN ya KRA.

Na transfa siku hizi iko kwenye eCitizen, mwenye jina ndiye anayeianzisha kwenye akaunti yake na mnunuzi anaikubali kwenye yake. Yani ni mume wako, dada, sio wewe, hata kama kazi yote ya kuosha na kupiga video umefanya wewe. Hakikisha mapema kwamba anakumbuka neno la siri na ile laini ya simu iliyosajiliwa bado anayo. Mnada ukishafungwa ndio mtu anaanza kusema sijui ile laini nilipoteza lini, mnunuzi anaanza kuingiwa na baridi.

Wapi upigie mnada. Kuna minada ya mtandaoni ya madalali wenye leseni, biashara ya kunadi mali za watu inahitaji leseni chini ya sheria ya madalali ya 1996, na faida yao ni kwamba mtu anaweka kwanza dipoziti ya kurudishwa ndio apewe nafasi ya kutia dau, kwa hiyo wachezaji hawaingii. Hasara ni kamisheni, na wateja wao wengi wanatafuta magari yaliyokamatwa na benki, si watu wa kempingi. Njia nyingine ni grupu la Facebook ama WhatsApp la watu wa magari ya porini na safari, unauza mali yako mwenyewe, dau linaandikwa kwenye komenti wote waone. Mimi kwa trela ningekwenda huku, maana huku ndiko waliko wanaojua wanachokiangalia. eBay kwa wenzetu wa Uingereza na Marekani ndio kwenyewe kwa vitu hivi, kwako haina faida, mtu wa Leeds hawezi kuja Mtwapa kuivuta.

Weka tangazo la mnada siku saba ama kumi kabla ya kufungua, video na picha zote ziwepo, jibu maswali hadharani sio inbox, swali moja likijibiwa hadharani umewajibu kumi waliokuwa wanaona haya. Na hapo ndipo utakapojua. Kama hizo siku zote umepata maswali ya maana ya watu wawili watatu tu, usifungue mnada, kaa na hao watu uelewane bei kawaida, mnada wa watu wawili ni kujitafutia aibu. Wakifika watano sita wanaouliza habari za ekseli na mishono, fungua. Ufunge saa tatu usiku, Jumapili, wiki ya kwanza ya mwezi watu wana mishahara, na kanuni iandikwe juu kabisa kwamba dau likija dakika tano za mwisho muda unaongezwa dakika tano, hiyo inawatoa wale wa kuvizia sekunde ya mwisho. Mwezi wa nne na wa tano usiuze, mvua ya masika hakuna anayefikiria kulala kwenye hema. Juni ni nzuri, watu wanapanga safari za Agosti, na Novemba kwa ajili ya Disemba.

Anayetaka kuja kuona kabla ya dau mkaribishe, tena msisitizie, hata akimtuma fundi wake wa hapa Changamwe. Lakini sio nyumbani. Ivute mpaka petroli stesheni ama gereji unayoijua, mchana, na picha zako za tangazo zisionyeshe geti wala namba ya nyumba.

Pesa sasa. M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti yako haibebi zaidi ya 500,000, na mtu aliyekutumia kwenye simu aweza kuomba irudishwe akidai alikosea namba, ukaanza kuhangaika na huduma kwa wateja na trela ishafika Mtito. M-Pesa iwe ya dipoziti tu, siku mnada unapofungwa, labda asilimia kumi. Iliyobaki iende benki, kwa RTGS, yani kuhamisha benki kwa benki, ama mnunuzi aje mkutane ndani ya benki yako asubuhi, siku ya kazi, sio Ijumaa jioni. Meseji hata ikija na kila kitu usiitazame, tazama salio kwenye app yako ama *334#. Picha ya skrini ya "nimeshalipa" si chochote. Cheki, mpaka iive kwenye akaunti. Akikulipa zaidi "kwa bahati mbaya" akaomba umrudishie zilizozidi, huyo mwizi, usimrudishie kitu mpaka benki yako ikuthibitishie zimeingia kweli. Na yeyote atakayekuomba ile namba ya siri iliyokuja kwenye simu kutoka eCitizen ati "ili tumalize transfa", huyo pia.

Ikishaingia mnaandika mkataba wa mauzo, majina, vitambulisho, namba ya chesisi, bei, na saa. Watu husahau saa. Trela ikigonga mtu Mariakani saa kumi jioni nawe uliikabidhi saa sita, karatasi hiyo ndiyo itakayosema, maana mpaka transfa ikamilike jina kwenye mfumo ni la mume wako. Kwa hiyo transfa ianzishwe palepale benki mkiwa mmekaa, si "nitakutumia kesho". Halafu aende zake. Kama mshindi atapotea, na mmoja katika wengi hupotea, mpe siku mbili, kisha mpigie wa pili kwa dau lake mwenyewe aliloliweka, usijaribu kumpandisha.

Kitu cha mwisho ni vile viti, meza, makopo ya maji na friji ndogo ambavyo bila shaka vimo ndani. Tairi la spea, jeki, fito na vigingi vya hema na kufuli la kichwa viende na trela, bila hivyo haiwi kamili. Hivyo vingine vitoe. Kwenye mnada mtu anaviona kama nyongeza ya bure na dau halipandi kwa sababu yavyo, lakini friji ya volti 12 peke yake ukiiweka hapo Nyali haimalizi wikendi.